Shajara ya mradi: bati la pumba linalotetemeka

Wiki ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika mapema kabisa safari hii, maana miradi yangu miwili iliyopita sikuandika kitu na leo nikiulizwa mbona uliweka mota hii na siyo ile sikumbuki hata kidogo.

Mradi umetokea Dumila, kwenye mashine ya kukoboa na kusaga ya mama mmoja ambaye nimeshamfanyia kazi nyingi za kuchomelea. Kinu kinakoboa, mahindi yaliyokobolewa yanakwenda kusagwa sembe, pumba zinatokea upande wa pili na kushuka juu ya bati mpaka kwenye gunia lililoko nje ya ukuta. Sasa nyumba ni fupi na tundu la ukutani liko juu, kwahiyo bati limelala, nimelipima kwa simu nikapata digrii 28 na kulisimamisha zaidi ya hapo haiwezekani bila kuinua paa. Kwa digrii 28 pumba hazishuki, zinakaa pale zinarundikana mpaka zinaziba mdomo wa kinu. Dawa yao miaka yote ni kijana amesimama na kipande cha mti anagonga bati kwa chini, paa paa paa, siku nzima, na bati limeshabonyea kama sufuria la shughuli.

Mama kaniambia, "Fundi mwanangu, nitafutie dawa, zile kelele zinaniumiza kichwa na huyu mtoto namtaka kwenye mizani huku mbele." Nikamwambia mama nipe mwezi na nusu.

Nilikaa pale kama nusu saa namwangalia tu yule kijana. Akigonga mara moja, pumba zote zinashuka kama upana wa vidole viwili alafu zinasimama. Akigonga tena, vidole viwili tena. Yaani bati haligeuki kuwa laini, ni lilelile, lakini kwa ule muda mfupi wa kugongwa pumba zinasahau kushika. Nikakumbuka poka ya zege, ile mashine ya kutetemesha zege, kila aliyewahi kumwaga zege ameona, rundo limekaa kama kichuguu, ukichomeka poka tu linalegea na kujitandaza lenyewe kama uji. Hakuna maji yaliyoongezwa. Ni kutetemeshwa tu. Basi nikasema ngoja niielewe hii kitu vizuri mezani kwangu kabla sijatoboa bati la mtu.

Wiki ya 1, Jumapili

Vifaa vya majaribio vyote nimevipata karakana hapa Morogoro. Sabufa ya gari ya inchi 12 na ampilifaya yake, simu yenye apu ya kutoa sauti ya mlio mmoja (unachagua Hz unazotaka), kimeza chepesi cha plaiwudi kilichofunikwa shiti ya chuma kama ile ya lile bati, kimepanda juu ya reli mbili za droo zenye gololi ili kiende mbele na nyuma tu bila kupinda. Katikati ya koni ya sabufa nimegundisha kipande cha bomba la plastiki kinachosukuma kimeza. Ukipiga mlio wa Hz 50 kimeza kinakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, rahisi hivyo.

Juu ya kimeza nimeweka kipande cha mninga chenye mzigo juu yake, jumla kilo 2 kamili. Kinavutwa kwa uzi na mota ya waipa niliyoifunga dima, uzi unajizungusha kwenye nondo ya mm 8, kwahiyo mzunguko mmoja unavuta kama mm 25 na nikiipeleka mizunguko 24 kwa dakika napata mm 10 kwa sekunde. Katikati ya uzi kuna mizani na kipande cha lastiki cha kumeza mtikisiko.

Mizani ya kwanza ilikuwa ile ya kidijitali ya kupimia mabegi, haifai kabisa kwa kazi hii, inashika namba ya kwanza inayotulia na kuganda hapohapo mpaka uizime. Nimehamia ya springi yenye sindano. Gramu 20 kila alama, inatosha.

Namna ya kupima mtetemo wenyewe nimefurahi nayo sana kwahiyo naieleza. Nimeenda steshenari nikaprinti kabari nyeusi, pembetatu nyembamba yenye urefu wa mm 100, ncha yake imechongoka na nyuma ina upana wa mm 2, nikaibandika ubavuni mwa kimeza ikielekea juu, mwendo ukiwa wa kuikata. Kimeza kikitetemeka jicho linaona kabari mbili zenye kivuli cha kijivu, na kuna sehemu zinapopishana panakuwa peusi kabisa. Pale weusi unapoanzia, upana wa kabari ndiyo sawa na mwendo mzima wa kimeza. Weusi ukianzia mm 10 kutoka kwenye ncha, basi mwendo mzima ni mm 0.2, yaani mm 0.1 kila upande kutoka katikati. Kakaratasi tu, hakana betri. Simu yenye apu ya kusoma mtikisiko nayo inaweza ila tumia simu ya zamani, Apple wenyewe walishatoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kile kifaa cha kutuliza picha.

Wiki ya 2, Jumanne

Kwanza bila mtetemo wowote. Kilo 2 zinavutwa kwa gramu 700 hivi. Nikaongeza mzigo ikawa kilo 4, sindano ikaenda 1,400. Nikaongeza kasi mara nne, sindano karibu palepale. Hizi ni sheria za zamani mno, Guillaume Amontons aliziandika Ufaransa mwaka 1699 kwamba msuguano unafuata uzito, na Coulomb mwaka 1785 akaongeza kwamba kasi haiubadilishi sana. Nilitaka tu kuona kimeza changu kinasema kweli kabla ya kukiuliza maswali magumu.

Wiki ya 2, Alhamisi

Leo nimewasha sabufa kwa mara ya kwanza na nimekwama.

Nilianza na Hz 25 kwa kuogopa kuchana koni, mwendo mm 0.1 kila upande. Hesabu nilizozisoma zinasema hivi: chukua kasi ya kuvuta, igawe kwa kasi ya juu kabisa ya mtetemo. Kasi ya juu ya mtetemo ni ule mwendo mara Hz mara 6.28, kwahiyo 0.1 mara 25 mara 6.28 ni kama mm 15.7 kwa sekunde. Mimi navuta kwa mm 10. Mtetemo una kasi kuliko mimi, na kwa hesabu zile nguvu ya kuvuta ilitakiwa ishuke mpaka kwenye gramu 310 hivi.

Sindano imeonyesha 640.

Nimekagua uzi, nimekagua reli, nimepangusa vumbi, nimebadilisha lastiki, 640. Kimeza kinatetemeka, ukiweka kidole unausikia kabisa, kabari inaonyesha mm 0.2 kamili. Nimefunga karakana saa nne usiku bila jibu.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nimelipata jibu. Nilichukua kipande cha pili cha ileile kabari nikakibandika kwenye mninga wenyewe, siyo kwenye kimeza. Kumbe nao ulikuwa na vivuli viwili, karibu sawasawa na vya kimeza. Yaani mninga ulikuwa unasafiri na kimeza! Kinakwenda nao, kinarudi nao, kama abiria aliyekaa kwenye basi linaloondoka taratibu. Kwahiyo katikati yao hakukuwa na mtelezo wa kutosha.

Basi likiondoka kwa kishindo ndiyo abiria anabaki nyuma. Hapo ndipo nilipokosea, niliangalia kasi peke yake na kusahau kishindo, yaani jinsi kasi ya kimeza inavyobadilika kwa ghafla. Kwa Hz 25 na mm 0.1 kishindo cha kimeza ni robo tu ya nguvu ya mvuto wa dunia, na msuguano wa mninga kwenye chuma unaweza kuubeba mninga mpaka 0.35 ya mvuto (zile gramu 700 kwa kilo 2), kwahiyo msuguano ulikuwa na uwezo wa kuuburuza mninga popote kimeza kinapokwenda. Ukipandisha Hz kishindo kinapanda kwa mraba, Hz mara mbili ni kishindo mara nne. Hz 50 kwa mwendo uleule wa mm 0.1 ni karibu mvuto mzima wa dunia.

Nikaweka 50. Sindano ikaporomoka, 700 mpaka 200. Mikono ilikuwa inanitetemeka na mimi. Nikazima, 700. Nikawasha, 200. Nimerudia mara kama kumi na tano, jirani wa duka la rangi nimemwita akaja kuvuta kwa kidole chake mwenyewe. Alisema ni kama mtu amemwaga mafuta.

Hesabu inasema ilitakiwa kuwa 145 hivi, tofauti hiyo naielewa, mninga bado unasafirishwa kidogo na reli zangu nazo siyo za maabara.

Wiki ya 3, Jumatatu

Naandika hapa jinsi ninavyoielewa, polepole, maana hii ndiyo roho ya mradi mzima.

Msuguano haujapungua. Mimi mwenyewe nilikuwa nadhani mtetemo unalainisha, au unainua kitu juu kidogo kikaelea. Kwa mtetemo wa mbele na nyuma siyo hivyo kabisa. Kila kipande cha sekunde msuguano upo na ni uleule wa gramu 700, haujaenda popote. Ila msuguano una tabia moja, unaweza kuelekea upande mmoja tu kwa wakati mmoja, daima kinyume na mtelezo. Mimi navuta mninga mbele kwa mm 10, kimeza nacho kikienda mbele kwa mm 31 basi kimeza kinauzidi mninga, na msuguano unageuka, badala ya kunizuia unanisukuma. Kimeza kikirudi nyuma unanizuia tena. Kwahiyo ndani ya mzunguko mmoja msuguano ananivuta shati muda fulani na muda unaobaki ananisaidia, na kinachosomwa na sindano ni tofauti ya hivyo viwili. Kadiri mtetemo unavyokuwa na kasi kuliko wewe ndivyo hizo nusu mbili zinavyokaribiana kulingana. Kasi yako ikiwa nusu ya kasi ya mtetemo unabaki na theluthi ya msuguano, ikiwa moja ya kumi unabaki na asilimia 6 hivi. Ikiwa sawa au zaidi ya mtetemo huambulii kitu, kwasababu kimeza hakikuzidi hata mara moja. Nimejaribu hilo la mwisho, nikavuta kwa mm 40 kwa sekunde na sindano ikasema 690.

Na siyo bure. Kazi ambayo mkono wangu haufanyi inafanywa na sabufa, ampilifaya inachemka, na sehemu zinazosuguana zinasuguana njia ndefu zaidi kuliko mwanzo. Anayedhani anapata nishati ya bure hapa anajidanganya.

Kitu kingine ambacho ni muhimu kwa pumba kuliko hata hizo namba: ile nguvu ya kuanzia imetoweka. Kwenye msuguano wa kawaida ukisukuma kidogo kitu hakiendi kabisa, mpaka ufike kiwango ndipo kikurupuke. Mtetemo ukiwepo, ukisukuma kidogo kinakwenda kidogo, ukisukuma zaidi kinakwenda zaidi, kama kijiko kwenye asali. Ndiyo maana mteremko mdogo unatosha.

Wiki ya 3, Jumatano

Nimegeuza kimeza kitetemeke kushoto na kulia huku nikivuta kwa mbele. Hapa msuguano haugeuki kunisaidia, unapindishwa tu, unakuwa bize na kupinga ule mwendo wa pembeni na sehemu ndogo tu ndiyo inabaki kunizuia. Kwa mm 10 nimepata 390 (hesabu ilisema 350 na kitu), siyo nzuri kama mbele na nyuma. Lakini kwa mm 40, pale ambapo mtetemo wa mbele na nyuma haukufaa kitu, huu wa pembeni umenipa 640. Kwahiyo hauna ukuta, unapungua nguvu taratibu tu. Nimeliandika hili, sikujua kama nitalihitaji tena mapema hivyo.

Mtetemo wa juu na chini nimeujaribu haraka, ukikaribia mvuto wa dunia mninga unaanza kurukaruka na kelele ni mbaya. Nimeuacha.

Wiki ya 4

Sabufa haiwezi kwenda kwenye mashine, ingekufa kwa vumbi siku ya kwanza. Nimenunua mtumba mashine ya kunolea ya mezani, ile ya mawe mawili, wati 150, mizunguko 2,850 kwa dakika, ambayo ni Hz 47.5, karibu kabisa na ile 50 yangu. Uzuri wake shafti inatoka pande zote mbili. Nimetoa mawe, kila upande nimefunga kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja, gramu 60, katikati ya uzito wake iko mm 25 kutoka kwenye shafti. Vipande vyote viwili vinaangalia upande mmoja. Gramu 60 ni kama yai moja, lakini likizungushwa kwa kasi ile kwenye mm 25 linavuta kwa nguvu ya karibu kilo 13 na nusu, kila upande. Kwahiyo kifuniko cha shiti nene pande zote mbili, siyo hiari. Kipande kile kikichomoka ni risasi.

Sababu ya kuchagua mota hii na siyo mota ya drili niliyokuwa nayo bure: drili ina kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota kupitisha umeme, na kaboni zinatoa cheche. Vumbi la unga hewani linaweza kulipuka, na mashine za nafaka zimeshaua watu kwa njia hiyo sehemu nyingi duniani. Mota ya kunolea haina kaboni. Swichi nimeipeleka nje ya chumba.

Bati jipya pamoja na mota ni kilo 11. Uzito ule wa pembeni ukizunguka, bati linatembea mm 0.27 kila upande, na kishindo ni mvuto wa dunia mara mbili na nusu. Shafti nimeiweka ikikatisha bati, ili mtetemo uwe wa kufuata mteremko na wa juu chini, siyo wa kushoto kulia.

Wiki ya 5, Jumanne

Tumefunga Dumila. Mara ya kwanza nilikalisha bati juu ya vipande vigumu vya mpira wa tairi la lori, kosa, mtetemo wote umeingia ukutani, vumbi la miaka kumi limeanguka kutoka darini na mama ametoka nje mbio. Mpira mgumu unaunganisha bati na nyumba badala ya kutenganisha. Nimelining'iniza kwa minyororo minne na kila mnyororo una pete za mpira wa tyubu zinazovutika vizuri, ukuta umetulia, na bati sasa linatikisika kweli kwasababu halimburuzi mtu mwingine.

Saa tisa mchana tukawasha kinu. Pumba zilipofika kwenye bati zilikaa kama kawaida, nikawasha mota. Zikaondoka. Siyo kwa hatua kama za yule kijana, zilishuka kwa pamoja kama shuka linalovutwa kitandani, sawasawa kushoto kulia na katikati, na ukiangalia kwa karibu kila punje inacheza mahali pake huku rundo zima linateremka. Gunia likajaa. La pili likajaa. Kijana alikuwa bado ameshika mti wake mkononi hajui auweke wapi. Mama alisimama mlangoni kimya muda mrefu alafu akasema, "Kumbe inawezekana."

Wiki ya 5, Alhamisi

Nimepigiwa simu saa mbili asubuhi. Kijana ameshika bolti. Ameikuta kwenye gunia la pumba, ameisikia ikigonga ukingo wa bati wakati inashuka. Ni bolti yangu, M8 (unene wa mm 8), moja kati ya nne zinazoshika mota kwenye bati.

Nimeondoka hapohapo. Hizi pumba zinakwenda kulishwa ng'ombe na kuku, ng'ombe akimeza chuma kinaweza kumtoboa tumbo mpaka moyoni akafa, na hakuna mfugaji atakayejua kimetoka wapi. Tumefungua magunia yote ya siku mbili tukayapitisha kwenye chekecheo moja baada ya jingine mpaka jioni. Bolti ilikuwa moja tu na nati yake tumeikuta sakafuni. Zilizobaki tatu, mbili zilikuwa zinazungushika kwa vidole. Na zote nilizikaza mwenyewe kwa spana ndefu, zote na washa za springi.

Usiku nimekaa na ile bolti mezani. Nimeitazama nyuzi zake. Bolti ni nini? Ni mteremko uliozungushiwa kwenye nondo. Kwenye M8 ya kawaida kila mzunguko nati inapanda mm 1.25, ukiukunjua ule mteremko unapata kama digrii 3 tu. Nati imekaa kwenye mteremko wa digrii 3, bolti iliyokazwa inaisukuma iteremke, na kinachoizuia ni msuguano peke yake. Pumba juu ya bati. Ni kitu kilekile! Mimi nimehangaika wiki tano kuondoa msuguano kwenye mteremko, nimefanikiwa, alafu nikategemea msuguano kwenye mteremko mwingine ulioko sentimita kumi kutoka hapo, juu ya chuma hichohicho kinachotetemeka.

Na hili lina historia yake. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha mwaka 1969, kwamba kinachofungua nati zaidi siyo mtetemo wa kuvuta bolti kwa urefu wake, ni ule wa kuisukuma pembeni, wa kukata. Vipande vilivyofungwa vikiteleza pembeni hata kidogo sana, msuguano wa kwenye nyuzi unapotezwa na ule mwendo wa pembeni, na kwenye kuzunguka unabaki bila mlinzi, nati inateremka kidogokidogo yenyewe. Ni lile jaribio langu la Jumatano la wiki ya tatu, kushoto na kulia. Majaribio ya namna yake ndiyo yaliyoonyesha pia kwamba washa za springi hazisaidii kitu cha maana kwenye hali hii, na mimi nimezitumia maisha yangu yote ya ufundi.

Wiki ya 5, Jumamosi

Marekebisho. Dawa ni kuzuia vipande visiteleze pembeni toka mwanzo, na hilo linaletwa na mkazo mkubwa usiopotea. Bolti fupi iliyokazwa inavutika kidogo mno, uso wa chuma ukilainika kwa nywele moja tu mkazo umekwisha. Kwahiyo nimeweka bolti ndefu zinazopita ndani ya vipande vya bomba nene vya mm 40, zinavutika kama springi na kubaki na mkazo wake. Rangi nimeikwangua chini ya vichwa vya bolti na nati, maana rangi inasagika na kuacha nafasi. Gundi ya nati kwenye nyuzi. Kitako cha mota kimekaa katikati ya vipande viwili vya chuma nilivyovichomelea kwenye bati, vinakibana ubavuni kisiweze kwenda popote hata bolti zikilegea. Alafu waya mgumu umepita kwenye vichwa vyote vinne, ili hata siku moja ikija kufunguka isiweze kuanguka kwenye chakula cha mnyama.

Mwisho nimepiga mstari mwekundu wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukivunjika nati imezunguka. Kijana ameelekezwa aangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha, na nimemwambia mama kwa uso kwamba hiyo bolti ilikuwa kosa langu na gharama ya kuchekecha ni juu yangu.

Wiki ya 6

Mistari yote mizima. Ila limezuka jingine. Wakibadilisha gunia wanafunga kilango cha chini kama dakika moja, mota inaendelea, na wakifungua pumba hazitoki kabisa, zimekuwa tofali, nimelazimika kuzichimba kwa nondo. Nikielewa vizuri ni kwamba mtetemo unaziruhusu punje ziteleze, na zikiwa na pa kwenda zinakwenda, zikiwa zimezuiliwa zinateleza kujipanga na kujishindilia kwenye kila nafasi. Fundi wa lami anajua, ndicho anachokitaka. Nimeweka kiswichi kwenye kilango, kikifungwa mota inazimika. Tatizo limeisha siku hiyohiyo.

Wiki ya 8

Leo ni siku ya 20 tangu bolti zibadilishwe. Mstari mwekundu hakuna uliovunjika. Kijana yuko kwenye mizani.

Mvua zimeanza na nimeona mpaka wa hii kazi. Mahindi yakiloweshwa kidogo kabla ya kukobolewa pumba zinatoka na unyevu, na zenye unyevu zinaganda kwenye bati utando mwembamba ambao hautikisiki. Huo siyo msuguano tena, ni kunata, na kunata hakujali kama nimebadilisha mwelekeo mara 47 kwa sekunde. Wanakwangua mara moja jioni. Nitajaribu kulisugua bati kwa msasa laini mpaka ling'ae, nione kama utando unakosa pa kushika.

Beringi ya mota upande wa kinu imeanza mlio mwembamba, haikutengenezwa kubeba kilo 13 zinazozunguka, nimeshanunua mbili kubwa zaidi na kesho nakwenda kutoboa makao yake upya. Mama kasema nije mapema kabla ya saa moja, wateja wa dona wakishafika hawezi kuzima.